Buibui Niliyempeleka Zahanati

Harufu ya karafuumaiti ilikuwa imeshajaa chumba kizima mwoshaji alipouinua mkono wa kulia wa mama yangu na kujaribu kuunyoosha. Vidole havikukubali. Alivimwagia maji ya vuguvugu, akavivuta taratibu kimoja kimoja, na kila alipokiachia kimoja kilirudi kiganjani kulekule kilikozoea kukaa. Akaniangalia, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia maji, akauliza kwa sauti ya chini, "Huu mkono ulikuwaje, mwanangu?"

Kabla sijajibu, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa ameshika shuka la stara, alijibu yeye. "Alifanyiwa," alisema. Neno moja tu. Mwoshaji akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu, akauacha mkono kama ulivyo, akaendelea na kazi yake.

Nilikuwa na kata mkononi na nafasi ya kusema ilikuwepo. Mama alikuwa amelala mbele yangu, hasikii tena, na kulikuwa na wanawake watatu tu chumbani. Nikamimina maji.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kisiwani mnajua tulivyolelewa. Mtoto hakuulizwa neno, na akiulizwa, jibu lake la kwanza ndilo lililobaki kuwa jibu lake. Nadhani ndiyo maana jambo hili limekaa nami muda wote huu. Niliulizwa mara tatu nikiwa na umri wa miaka saba, meno ya mbele yakiwa yameng'oka, na mara zote tatu nilijibu uongo.

Tulikaa Miburani. Baba alikuwa mfua nazi. Alishinda kwenye mashamba ya watu mbele ya kifuo, ule mti wa ncha kali wa kufulia, akarudi jioni mikono ikinuka makumbi. Mama alisuka mikeka. Hakusuka peke yake. Nyuma ya nyumba yetu, tukitumia uwanja mmoja, palikuwa na nyumba ya Bi Tatu, mwanamke aliyekuja kwetu kutoka Utende kuolewa, akaachwa kwa sababu hakuzaa, naye hakurudi kwao. Alibaki kwenye kile kibanda na majani yake ya ukindu, na mama yangu akawa ndiye jamaa yake.

Kila asubuhi, vyombo vikishaoshwa, wawili hao walitandika jamvi uwanjani. Ukindu ulikuwa umeshachemshwa kwenye sufuria ya rangi, wa zambarau na wa kijani, na harufu yake ya majani yaliyopikwa ilishika hadi kwenye nywele zangu. Mama alisuka ukili, ule utepe mrefu wa mkeka, Bi Tatu akaushona. Wakichoka walibadilishana. Mkeka ukimalizika hakuna aliyeweza kusema hapa ameshika nani na hapa ameshika nani, isipokuwa wenyewe.

"Shoga, ukili wako leo umelegea kama mlenda," Bi Tatu alikuwa akisema.

"Macho yako ndiyo yaliyolegea," mama alijibu, na wote wawili wangecheka bila kuinua vichwa.

Sikumwona mama yangu akicheka namna ile na mtu mwingine, hata na baba. Mimi nilikaa katikati yao nikichambua majani mabovu. Bi Tatu alikuwa na tabia ya kunipa karanga moja moja kutoka kwenye fundo la kanga yake bila kuniangalia, kama mtu anayelisha kuku. Aliniita mwanangu, na sikuona ajabu kuwa na mama wawili.

Siku ile jua lilikuwa limepanda kidogo. Walikuwa na mkeka mkubwa wa bibi harusi, na ukindu ukawa umewapungukia. Mama akakumbuka fungu la ukindu mkavu ambalo Bi Tatu alimpa zamani, akalisukuma uvunguni mwa kitanda, likasahaulika. Tuliingia ndani mimi na yeye. Alipiga magoti, akapeleka mkono uvunguni, akalivuta fungu hadi kwenye mwanga wa mlango, akaanza kulifungua.

"Kijiti kimenichoma," alisema. Akautoa mkono na kuutazama, pale kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Akapanyonya kidogo, akapafuta kwenye kanga.

Alikuwa akiutazama mkono. Mimi nilikuwa nikitazama chini, na nilimwona. Alitoka kwenye majani, akapita sakafuni karibu na goti langu. Buibui mdogo. Mwili wake haukuzidi punje ya kunde, rangi yake ni ya ukindu wenyewe, na miguu yake ilikuwa myembamba na mirefu kuliko alivyostahili. Mgongoni, karibu na kichwa, alikuwa na alama nyeusi iliyofanana na upawa, mpini wake umeelekea nyuma. Alisimama, kama mtu aliyesahau kitu, akageuka, akarudi ndani ya fungu.

"Buibui," nilisema.

"Mwache," mama alisema. Kwetu buibui hauawi. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ametusimulia habari za pango alimojificha Mtume na utando uliofunika mlango wake, na kila mtoto aliyemsikia alirudi nyumbani akitazama pembe za nyumba kwa heshima.

Hadi adhuhuri mama alikuwa akisuka. Baada ya hapo akaanza kuukunjua mkono na kuukunja, kisha akauweka mapajani. Bi Tatu akaushika, akaugeuza kwenye mwanga. Palikuwa pekundu, na katikati palikuwa na doa jeupe.

"Hiki si kijiti, Mwanakombo," alisema.

"Mtoto ameona buibui."

Bi Tatu akanituma maji ya mtungini na sabuni. Niliporudi nilimkuta akizungumza kwa utulivu, kama anayeeleza namna ya kupika. "Hawa wakubwa wa ukutani hawana neno, hata wakikuuma utajikuna tu. Ila wapo wadogo, rangi kama ukindu, wanakaa kwenye majani makavu na nguo za zamani. Bibi yangu Utende alikuwa hatuachi tuingize mkono kwenye fungu kabla ya kulikung'uta. Atakuwa ni huyo." Akaosha mkono wa mama kwa sabuni, taratibu, mara tatu. Akaweka kitambaa kilicholowa maji ya baridi. Akachukua kanga akaufunga mkono shingoni ili usining'inie. "Usifanye kazi nao. Mtu asije akaukata wala kuufunga kamba. Kesho au kesho kutwa ukiona panakuwa peusi, twende hospitali, wewe na mimi."

Hakuniuliza nilimwona wa namna gani. Hakuwa na haja, alishajua. Nami nilisimama na kata yangu nikifikiri, ndiye huyo, ndiye huyohuyo, nikafurahi kwamba Bi Tatu anajua kila kitu.

Jioni, kabla ya magharibi, baba alirudi na shangazi. Shangazi alikuwa mwanamke aliyeingia nyumba yoyote na kuanza kuamuru. Alifungua ile kanga, akautazama mkono, akauliza nani kaufunga. Mama alipomwambia, shangazi aliitupa kanga pembeni. Alimwagiza baba kamba ya makumbi, akaufunga mkono juu ya kiwiko hadi vidole vikabadilika rangi. Akachanja pale kwenye doa kwa wembe, akakamua, akapaka mafuta ya taa. Mama aliuma ncha ya mtandio wake. Mimi nilikaa nje ya mlango nikijiziba masikio, lakini harufu ya mafuta ya taa ilinifuata hukohuko.

Asubuhi mkono ulikuwa umevimba hadi kiwikoni. Ile kamba ilikuwa imekula ngozi. Baba akasema tutakwenda zahanati, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kufikiri mbele, akaniita.

"Wewe ndiye uliyemwona. Mtafute huyo buibui tumpeleke. Daktari atataka kumjua."

Lile fungu lilikuwa bado pale karibu na mlango, limefunguliwa nusu. Nililitazama kwa muda mrefu. Nilijua yumo. Nilijua pia kwamba mkono wa mama yangu uliingia humo ukatoka ukiwa vile. Nilichukua ufito nikaligusa, majani yakalia kidogo, nikarudi nyuma.

Na hapa ndipo niwaeleze nilivyofikiri, ingawa najua kueleza hakunisaidii. Nilikuwa nimewahi kumsikia baba akisema kwamba dawa ya nyoka hutengenezwa kwa sumu ya nyoka mwenyewe. Basi nikadhani daktari anamtaka buibui ili amkamue dawa. Nyuma ya kalenda ya zamani ukutani kwetu aliishi buibui mkubwa, bapa, wa kijivu, upana wa kiganja changu, niliyemfahamu tangu nianze kufahamu vitu. Yule mdogo angetoa dawa kiasi gani? Tone moja. Huyu angetosha mkono mzima. Nilikuwa nikiogopa, hilo ni kweli, lakini nilipopanda juu ya kigoda na kumfunika kwa chupa tupu ya mdomo mpana sikuhisi kwamba nadanganya. Nilihisi nimefanya akili.

"Ndiye huyu?" baba aliuliza.

"Ndiye."

Akaniwekea mkono kichwani. Baba yangu hakuwa mtu wa kutushika. Nakumbuka uzito wa mkono ule na harufu yake ya makumbi, na nakumbuka kwamba baada ya hapo isingewezekana tena kusema neno lingine.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana, na alifurahi sana kuona tumeleta chupa. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha. "Watu huwa hawaleti," alisema. "Wanakuja wanasema mdudu, mdudu, nami sijui mdudu gani. Huyu namjua. Ni wa ukutani, anakula mende. Hana sumu ya kumdhuru mtu." Akaniinamia. "Una hakika ndiye aliyemuuma mama?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi mshukuruni Mungu. Kilichovimbisha mkono ni hii kamba na hizi chale. Safisheni kidonda, mpeni dawa hizi za maumivu, atapona."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Alhamdulillahi," alisema. Nilikuwa nikingoja daktari amkamue buibui. Badala yake alitoka hadi mlangoni, akaikung'uta chupa kwenye majani, akarudi akinawa mikono. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kuna kitu nimekikosea. Lakini mama alikuwa akicheka, baba alikuwa amenishika bega, na njia nzima ya kurudi nyumbani walinisifu.

Bi Tatu alipoambiwa alikunja uso. "Huyo mkubwa? Hapana. Huyo hafanyi hivi." Akataka warudi, waende hospitali yenyewe. Mama akamwambia daktari amesoma, na kwamba wangoje.

Walingoja. Siku ya nne lile doa liligeuka buluu, kisha jeusi, kisha likazama kama mahali palipobonyezwa kwa kidole. Pembeni ngozi ilianza kuachana na nyama. Homa ikapanda. Chumba kikawa na harufu ambayo sijaisikia tena popote, na sipendi kuifananisha. Mama aliacha kuongea. Alikuwa akilala upande, mkono ameuweka juu ya mto mbele yake, akiutazama kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa amlee.

Shangazi alihamia kwetu. Na shangazi alikuwa na swali moja, alilouliza kila aliyekuja kutazama mgonjwa. "Daktari kamtazama buibui kwa macho yake akasema hana sumu. Sasa mkono unaoza kwa kitu gani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, basi jibu likaanza kujitengeneza lenyewe. Nililisikia likikua siku hadi siku kwenye mazungumzo ya uwanjani. Lile fungu lilitoka kwa nani? Kwa Tatu. Nani alikuwa wa kwanza kuufunga mkono, kabla ya mtu yeyote? Tatu. Nani alisema tangu siku ya kwanza kwamba patakuwa peusi? Alijuaje? Mwanamke asiye na mtoto, anamwona mwenzake ana mume, ana binti, anapewa kazi ya mkeka wa harusi. Mimi nilisikiliza nikidhani wanamsifu. Nilidhani "alijuaje" ni maneno ya mtu anayestaajabia elimu, kama tulivyosema chuoni juu ya mwanafunzi aliyehifadhi Kurani kabla yetu.

Asubuhi moja Bi Tatu alikuja na bakuli la uji wa mchele, amelifunika kwa kawa. Shangazi alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Uji huo rudi nao."

"Nimemletea mgonjwa," Bi Tatu alisema.

"Tunakuuliza kitu kimoja tu, Tatu. Ulijuaje kama patakuwa peusi?"

Bi Tatu alimtazama, akamtazama baba aliyekuwa ameketi barazani ameinamisha kichwa. Nadhani hapo ndipo alipoelewa. Nilimwona akiliweka bakuli chini polepole. "Nimesuka ukindu tangu utotoni," alisema. "Kila msusi wa Utende anawajua hao wadogo. Mwanakombo." Alipaza sauti kuelekea ndani. "Mwanakombo, waambie."

Kitanda kikalia ndani. Mama alikuwa amegeukia ukutani, na mimi niliyesimama kati ya kitanda na mlango nilimwona akigeuka. Macho yalikuwa wazi. Sijui hadi leo kama ilikuwa homa, au uchovu, au kwamba ameshaanza kuamini.

Bi Tatu akaniona nimesimama nyuma ya shangazi. Uso wake ukafunguka. "Huyu alimwona. Zuhura, sema mwanangu. Buibui aliyetoka kwenye ukindu alikuwa wa namna gani?"

Wote wakanigeukia. Baba aliinua kichwa. Nataka mjue kwamba sikujua pale panahukumiwa mtu. Nilidhani wakubwa wanabishana kuhusu ukubwa wa buibui, na kwamba nikisema mdogo baba atajua nilimdanganya yeye na daktari, na nitachapwa mbele ya watu. Nilipima kitu kidogo hicho. Fimbo tatu nne.

"Mkubwa," nilisema.

Bi Tatu hakunikaripia. Alinitazama kwa muda ambao bado naweza kuuhesabu, kisha akainama, akaliokota bakuli lake, akaondoka nalo, akitembea kwa uangalifu ili uji usimwagike.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Aliletwa mganga kutoka kijiji kingine, akafukiza ubani, akazingua uchawi, akamfunga mama hirizi. Fungu la ukindu lilichomwa moto uwanjani na sufuria ya rangi ikatupwa. Watu waliacha kumwitikia Bi Tatu salamu. Mtu alimpakia kinyesi mlangoni. Hakuna aliyemgusa, kijijini kwetu hawakufika huko, lakini siku moja nilitoka asubuhi nikakuta mlango wa kibanda umefungwa kwa kamba na majivu ya mafiga yamezolewa. Alikuwa amefagia uwanja wote kabla ya kuondoka, hata upande wetu.

Siku chache baadaye mama alizimia, ndipo baba akapata akili ya kumpeleka hospitali. Walimkata nyama iliyokufa, wakamlaza muda mrefu. Alirudi akiwa hai, mkono umepona kwa namna yake: kovu refu lenye kung'aa, na vidole vikajivuta ndani mwaka hadi mwaka. Hakusuka tena. Alianza kula kwa mkono wa kushoto, na mtu wa kwetu anajua hilo ni jambo gani. Kwenye shughuli, sinia likiwekwa, alisema ameshiba. Kisha akaacha kwenda kwenye shughuli. Mkeka wa bibi harusi ulimaliziwa na watu wengine.

Alibadilika, au labda alibaki vilevile na kilichoondoka ni yule aliyekuwa akimchekesha. Wakati mwingine akiwa amekaa uwanjani peke yake alianza kusema kitu, "Unajua, sho...", akakatisha, akatazama pembeni kuona kama kuna mtu amesikia. Nilikuwa nimesikia. Kila mara nilikuwa nimesikia.

Nilikua. Nilijua yaliyotokea kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua kwa mwanga hafifu. Nilikuwa msichana mkubwa nilipoelewa maana ya "alijuaje". Nilikuwa na watoto wangu nilipopata simu yenye picha, na usiku mmoja nikamwona, mdogo, rangi ya ukindu, upawa mgongoni. Chini yake kulikuwa na maelezo ya nini kifanyike: paoshwe kwa sabuni, pawekwe kitu cha baridi, mkono utulizwe, usikatwe, usifungwe, kidonda kikiwa cheusi mgonjwa afike hospitali mapema. Yalikuwa maneno ya Bi Tatu, kama yeye ndiye aliyeyaandika. Nilimwonyesha daktari mmoja ninayefahamiana naye. Aliniambia kwa upole kwamba kidonda cha namna ile hata kikitambuliwa mara nyingi hakina dawa yake maalumu, na kwamba huenda mkono ungeharibika vyovyote. Alidhani ananifariji. Mkono, ndiyo. Sikuwa nikimuuliza juu ya mkono peke yake.

Mama alipoanza kuugua ugonjwa wake wa mwisho nilirudi Miburani kumuuguza. Asubuhi moja, akiwa amepata nguvu kidogo na nimemkalisha kwenye mto, nilimwambia. Nilisema yote, fungu, upawa, kalenda, chupa. Nilisema kwamba Bi Tatu alisema kweli.

Aliutazama mkono wake. Kisha akasema, "Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto, mama, lakini nilimwona."

"Daktari alimtazama. Mtoto wa miaka saba atajua nini?"

"Mama, yule mkubwa nilimtoa mimi ukutani."

Akageuza kichwa, akanitazama kwa macho makali ambayo sikutarajia mgonjwa kuwa nayo. "Zuhura. Mimi nimekaa miaka yote hii bila Tatu. Sina mtu mwingine niliyekaa naye kama yule. Unataka uniambie nilikaa bure?"

Nikaunyoosha mto wake.

"Basi nyamaza," alisema. "Alinifanyia. Niache hivyo." Baada ya muda akaomba maji, nikampa, na hakulitaja tena hadi alipokufa.

Baada ya arobaini nilikwenda Utende. Nilikuwa nimeuliza, nikaambiwa yupo, anakaa kwa mtoto wa dada yake, nyumba ya mawe iliyo karibu na kisima. Nilimkuta ameketi kivulini mwa ukuta akipeta mchele kwenye ungo. Alikuwa amekonda, mgongo umepinda, lakini mikono ilikuwa ileile, ya haraka na isiyokosea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Wa Mwanakombo. Wa Miburani."

Ungo ulisimama. Kisha ukaendelea. "Nilisikia kafariki," alisema. "Mungu amrehemu. Kaa."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yote yakapotea, nikaanza kulia na kusema kwa wakati mmoja. Nilisema niliona buibui mdogo, nilisema niliogopa, nilisema nilidanganya nikiwa zahanati na nikadanganya tena pale mlangoni siku ya uji, na kwamba waliposema yeye ni mcha...

"Punguza sauti," Bi Tatu alisema.

Alitazama mlangoni. Ndani kulikuwa na wanawake wakizungumza, na sauti ya redio. "Hapa hawajui," alisema polepole. "Niliwaambia nimechoka kukaa ugenini. Hakuna aliyeuliza. Hilo neno usilitaje kwenye nyumba hii. Nina mahali pa kulala hapa."

Nikajifuta uso kwa mtandio. Nikamaliza kwa kunong'ona. Alisikiliza huku akitoa chuya moja moja na kuzitupa pembeni, ambako kuku walizigombea.

"Mama yako ulimwambia?" aliuliza nilipomaliza.

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Ningeweza kumpa kitu hapo. Nimefikiria mara nyingi kwamba ningeweza kusema mama alilia, au alitaka radhi, na hakuna mtu duniani ambaye angenikanusha. Lakini nilikuwa nimeshamjibu mwanamke yule uongo mara moja. "Hakuamini," nilisema.

Bi Tatu alitikisa kichwa, si kwa kushangaa. Alipeta ungo mara mbili, tatu, akapuliza makapi.

"Sasa mimi umeniletea nilifanyie nini?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa akitaka kujua kweli, na alingoja jibu, ungo umetulia mapajani. Nilitafuta. Nilitafuta hadi nikasikia ndani redio ikibadilisha kipindi na mwanamke mmoja akiita watoto waje kula. Alipoona sina kitu, aliinuka kwa kushika ukuta, akajikung'uta pumba kwenye kanga.

"Pikipiki za kurudi mjini zinakuwa adimu baada ya alasiri," alisema. "Nenda mwanangu, usije ukakwama huku."